Jibu la Mama wa Mashine

Kwa nini mtu aulizwe jambo kwa Kiha akalijibu, kisha aulizwe jambo lile lile kwa Kiswahili akalikwepa? Swali hili lilinikaa kichwani tangu nikiwa shule ya msingi, Mabamba, katika miaka ya tisini. Nililibeba mpaka chuo kikuu, ambako nililitafutia majibu marefu yenye maneno mazito. Hakuna hata moja lililokuwa sahihi.

Mtu mwenyewe alikuwa mwanamke aliyeendesha mashine ya kusaga pale sokoni kwetu. Mashine haikuwa yake. Ilikuwa ya tajiri mmoja wa Kibondo mjini ambaye alikuja mara mojamoja kuikagua na kulalamika. Lakini sikuwahi kusikia mtu akisema "mashine ya tajiri". Ilikuwa ya yule mama, naye alikuwa Mama wa Mashine. Wanawake wengine kwetu huitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Yeye alikuwa na mtoto, tena mmoja tu, ila ni kama watu walikwisha kuamua kwamba mashine ndiyo kifungua mimba.

Mtoto huyo alikuwa msichana, na baba yake hakuwepo. Hapo ndipo penye swali.

Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza, mwalimu alimtazama Mama wa Mashine usoni, mbele ya wazazi wote waliopanga foleni, akauliza, "Baba yake nani?"

Mama wa Mashine akajigonga kifua. "Mimi hapa!"

Wazazi wakaangua kicheko. Mwalimu akarudia, safari hii polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Baba. Yake. Nani?"

"Mimi. Mwalimu. Hapa."

Binti akaandikwa kwa jina la mama yake, na habari ikafika sokoni kabla ya wenyewe. Baadaye, walipokuja wakimbizi wengi, mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akiuza vitenge alisimama pale kwenye mashine akimstaajabia mtoto. "Mama, huyu mtoto iko na akili mingi kabisa. Papa yake iko wapi?"

"Umesimama mbele yake, mama, unamtafuta wapi tena?"

Yule mama wa vitenge alicheka mpaka akakaa chini, na alirudi kusaga pale kila wiki.

Sasa bibi yangu. Bibi alikuwa mtu wa Munanila aliyeolewa huku, na hakupenda Kiswahili. Alisema kinamchosha taya. Jioni moja Mama wa Mashine alipopita kwetu, wakakaa wakitazamana, wakimenya maharage mabichi. Bibi akamuuliza kwa Kiha, bila kuzunguka, *se* wa mtoto yuko wapi. *Se* ndiye baba yake mtu. Na Mama wa Mashine akajibu waziwazi, kama anayeeleza mvua ya mwaka jana: alikwenda Urambo kulima tumbaku, akapata mke huko, akatuma salamu, kisha hata salamu zikakoma. Nilikuwa nimekaa pembeni, masikio wazi. Kwa hiyo hakuwa anaficha! Basi kwa nini awachezee shere wengine wote?

Chuoni niliandika hata insha ya semina kuhusu jambo hilo. Nilisema Kiswahili ni lugha ya ofisi, na kwamba mwanamke wa pembezoni hukataa kuhojiwa kwa lugha ya ofisi, ilhali Kiha ni lugha ya jikoni ambamo ukweli hauna hatari. Mhadhiri alinipa alama nzuri. Nilijiona nimemweleza mtu.

Lakini Mama wa Mashine haelezwi kwa insha. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya kubeba magunia, na tangu asubuhi hadi jioni alikuwa mweupe wa unga kuanzia kope hadi vidole vya miguu. Alivaa suruali ya kaki chini ya khanga miaka ambayo mwanamke wa suruali Mabamba aliombewa kanisani. Aliendesha baiskeli na magunia nyuma. Mambo hayo yalinifanya nimwone mwanamapinduzi. Kisha angekutana na mzee njiani, angeshuka kwenye baiskeli, angepiga goti na kupiga makofi ya salamu taratibu, pa, pa, pa, kwa heshima yote ya Waha wa zamani, na angesubiri arudishiwe. Sisi vijana tulikuwa tumekwisha acha salamu ya makofi. Tulisema "mambo" kama tulivyosikia redioni, tukapita. Ukimwambia yeye "mambo" huku unapita, alikutazama tu kama ukuta. Lakini ukisimama, ukamwelekea, ukapiga makofi, uso wote ulifunguka.

"Salamu haitupwi mgongoni," alisema. "Mimi si shimo la taka."

Alikuwa na sheria nyingine ya namna hiyo: huongei naye ukiwa umegeuka. Alikushika kidevu kwa vidole vyake vya unga, akakugeuza, akasema, "Haya, Kwanini, sema." Kwanini ndilo jina alilonipa, kwa kuwa ndilo neno nililoanza nalo kila nilipofika. Nilirudi nyumbani na alama nyeupe kidevuni, na mama yangu alijua nimepitia wapi.

Na alipaza sauti. Hata mashine ikiwa imezimwa, hata kwenye matanga, alizungumza kama anayeita mtu ng'ambo ya mto Malagarasi. Watu walisema ni mazoea ya kazi. Ile injini ya dizeli ilikuwa inasikika hadi shuleni; ukikaa karibu nayo meno yanacheza. Pale ndani kila mtu alisema kwa midomo na mikono. Wakati mwingine, kupumzisha koo, waliandika. Kulikuwa na ubao mpana wa kupangia magunia, na juu yake hapakukosa unga uliodondoka, laini kama poda. Mama wa Mashine alikuwa amesoma elimu ya watu wazima, akajua kusoma na kuandika kwa herufi kubwa kubwa. Basi yeye na binti yake walizungumza kwa kidole kwenye unga: swali, jibu, kiganja kinafuta, swali jingine. Watoto tuliotumwa na makopa ya muhogo kichwani tulisimama kwenye foleni tukiwatazama.

Huyo binti, tulimwita Redio.

Nyumbani kwao kulikuwa na redio kubwa ya betri, na mama yake aliipenda kuliko kiti. Lakini alikuwa na namna yake ya kuisikiliza. Aliiweka kwenye meza, akamkalisha mtoto mbele yake, na taarifa ya habari ilipokwisha akasema, "Haya, nipe." Mtoto akampa. Yote. Mawaziri, mafuriko, bei ya pamba, matokeo ya mpira, hali ya hewa ya mikoa ambayo hatukuwahi kuiona. Alimpa polepole, uso kwa uso, akifungua kinywa vizuri, kila neno likikamilika kabla ya jingine kuanza. Akiwa darasa la pili aliweza kurudia taarifa nzima bila kudondosha jina. Ukimpa hesabu alitazama juu kidogo, kama mtu anayesoma darini, akakupa jibu. Darasa la tatu alirushwa akaletwa kwetu la nne, akawa mdogo kuliko wote, na bado mwalimu wa hesabu akawa anamtazama kwanza yeye kabla ya kuandika jibu ubaoni.

Tatizo ni kwamba hata na sisi aliongea vile vile. Sisi Kiswahili chetu kilikuwa na Kiha ndani yake, tulikimeza nusu, tulikiimba. Yeye alisimama mbele yako, akakutazama, akasema: "Ninaomba. Uniazime. Kifutio. Chako." Nani anaomba kifutio namna hiyo?

Watoto ni watu wabaya; sijaona ushahidi wa kunifanya nifikiri vinginevyo. Kiranja wetu wa zamu, Bukuru, kijana mkubwa mwenye sauti iliyokwisha kuvunjika, ndiye aliyeanzisha mchezo wa kutafuta stesheni. Alimshika Redio sikio la kulia, akalizungusha. "Hapa Dar es Salaam!" Akalizungusha la kushoto. "Mawimbi mabaya! Hebu jaribu Bujumbura!" Wengine wakapokezana. Akilia walisema betri zinavuja. Akinyamaza walisema betri zimekwisha, wakampiga mgongoni ziamke. Na kwa sababu ya lile jibu la kuandikishwa shule, walimwita pia mtoto wa mama wawili. Alikuwa akienda nyumbani na masikio mekundu kama nyanya za Kasulu, na mama yake akiyaona alimuuliza, naye akaandika kwenye unga: UPEPO.

Mama wa Mashine alikuwa na neno moja juu ya binti huyo, alilolisema kama wengine wanavyosema mbinguni. "Huyu atafika Kasulu." Kasulu ndiko ilikokuwa sekondari. Miaka hiyo kutoka shule yetu kuchaguliwa kwenda sekondari kulikuwa kama kupigwa na radi: kunatokea, lakini kwa wengine, na msichana ndiye wa mwisho kufikiriwa. Yeye aliposema Kasulu aliinua kidole kuelekea upande wa barabara, kama basi tayari linaonekana.

Kabla sijasahau, niseme juu ya maneno yake, maana ndiyo yaliyompa umaarufu. Mabamba nzima iliamini kwamba Mama wa Mashine ana hekima ya ajabu. Ulimwambia hili, akakujibu lile, na ukiondoka ulijikuta unalifikiria lile.

Mnunuzi mmoja wa maharage, mwenye koti na tumbo, alikuja akitaka asagiwe kabla ya foleni. Akamwinamia. "Mama, unajua mimi nina mali."

Akamtazama kwa huruma. "Kama ni mbali, ondoka mapema."

Foleni nzima ikalipuka. Yule bwana akachukua gunia lake akaenda nyuma. Hadi leo Mabamba, mtu akianza kujisifia nyumba ya bati au pikipiki, utasikia mtu anamwambia kwa upole, "Ondoka mapema, ndugu yangu."

Siku nyingine mtoto mdogo alikuwa analia, anaruka ruka, "Nataka pipi! Nataka pipi!" Mama wa Mashine akachuchumaa, akamfuta machozi, akamwachia mashavu meupe. "Bibi atakuja, mwanangu. Bibi huwa hachelewi." Mtoto alishangaa mpaka akasahau kulia. Na sisi pia tukalichukua hilo. Mtu akitaka kitu kisichopatikana, tulimwambia bibi atakuja.

Mimi nilikuwa mtu wa kushuku kila kitu, hata Sikukuu ya Krismasi, lakini kwenye hekima hii nilikuwa muumini. Nilijaribu kuijibu dunia kama yeye. Nilichapwa.

Kanisani alikaa benchi la kwanza na hakuondoa macho kwenye kinywa cha mhubiri. Mhubiri alimtaja mara kwa mara kama mfano wa msikilizaji wa Neno. Lakini ulipofika wimbo alifumba macho kwa furaha, akaimba kwa ile sauti ya kushindana na injini, na sisi tulipomaliza ubeti yeye alikuwa bado yuko katikati yake. Aliendelea peke yake, kwa noti ambazo hazikuwa za wimbo huo wala za wimbo mwingine ninaoujua, mpaka akafika mwisho. Kisha akafumbua macho, akaona tunamtazama, akacheka kuliko sisi. Kuna Jumapili mwalimu wa kwaya alimwomba aimbe taratibu kidogo. Alimjibu, "Asante sana, nawe pia." Kwaya ikakata tamaa.

Alipenda pia kuweka kiganja juu ya mashine inapofanya kazi, kama mama anayempima mtoto homa. Angesimama hivyo kitambo, macho hayaangalii popote, kisha ghafla angesema, "Mkanda unataka kuteleza," na kweli mkanda ungeteleza. Wengine walidhani anaiombea.

Basi tukafika darasa la sita, na Redio akaanza kufeli.

Haikuwa ghafla. Kwanza akawa wa tatu, kisha wa kumi, kisha jina lake likaanza kusomwa chini, karibu na langu na la Bukuru, na mwisho likashuka hata chini ya yetu. Mwalimu wa hesabu alimwita ubaoni, hesabu ya kitoto, naye akaandika jibu la hovyo, akageuka akatutazama. Bukuru akapiga makofi. "Imezimika!" Siku hiyo hakuguswa masikio. Wala siku iliyofuata. Nilimwona jioni nje ya choo cha wasichana, nikamuuliza kwa nini.

"Ninapokosa," alisema, akifungua kinywa vizuri, "hawaniumizi."

"Na Kasulu?"

"Kasulu. Ni mbali."

Nilikwenda kwenye mashine, nikajiweka mbele ya Mama wa Mashine kama alivyotaka, nikamweleza yote: masikio, stesheni, betri, na kwamba mwanawe anajua majibu na anaandika mengine kwa makusudi. Alinitazama kinywani mpaka nikamaliza. Kisha akanirudisha mwanzo. "Masikio? Wanazungusha masikio?" Akaninyoshea mkono akanishika langu, polepole, kuonyesha. Nikatikisa kichwa kukubali. Akakaa juu ya gunia. Ndiyo mara pekee niliyomwona amekaa kazini.

Keshokutwa yake ilikuwa siku ya soko. Foleni ilikuwa imetoka nje hadi kwa wauza dagaa. Wakimbizi walikuwa na mahindi yao ya njano ya mgao, sisi tulikuwa na makopa yetu, akina mama wanapigana vikumbo, watoto wa shule tumetumwa wote, Bukuru akiwa na mama yake na debe kichwani. Redio alikuwa kwenye ubao wa magunia akifunga kamba. Mashine ilikuwa katikati ya kusaga.

Mama wa Mashine akaizima.

Hatukuwahi kusikia soko letu bila mashine siku ya soko. Kuku walisikika. Mtu alikohoa huko kwa wauza chumvi, tukamsikia. Foleni ikasimama mdomo wazi.

"Haya," alisema, kwa sauti ile ile, ambayo sasa ilikuwa kama ya kuamsha wafu. "Nimesikia mashine yangu ina kelele. Inawaumiza. Nimeizima. Mmefurahi?"

"Mama, una nini? Tusagie!"

Akamshika kidevu mama yake Bukuru, aliyekuwa mbele. "Wewe, shemeji. Sema. Kelele hii inakuumiza?"

"Aka, tumeshaizoea!"

"Umeizoea?"

"Tangu lini! Washa, mama, watoto hawajala!"

"Inapiga kelele, inawajaza vumbi, lakini mkiikosa mnalala njaa." Akamvuta binti yake kutoka kwenye ubao, akamsimamisha mbele ya foleni, mweupe wote, masikio yametokeza. "Huyu naye ana kelele. Kazaliwa nayo. Kichwa chake kinasaga. Watoto wenu wanataka kumzima, naye anataka kuwasaidia kuzima. Mimi nasema hivi: kama mmezoea ile, mzoeeni na huyu. Mpaka hapo hakuna unga."

Mama yake Bukuru alimgeukia mwanawe pole pole. Hakuhitaji kuambiwa jina, alimjua mwanawe. "Bukuru?"

"Ni utani tu, mama."

Mama wa Mashine alikuwa anamtazama midomo. Akacheka. Kweli, alicheka, kile kicheko cha kanisani. "Utani! Vizuri. Fundi wa stesheni, njoo basi unifungulie na hii."

Injini ile iliwashwa kwa hendeli ya chuma, na ilitaka watu wawili: mmoja azungushe kwa nguvu zote, mwingine ashikilie kile kikono kidogo cha juu na kukiachia pale tu mwendo ukishatosha. Ukikiachia mapema, hendeli inakurudishia ikuvunje mkono. Ukichelewa, unajichosha bure. Siku zote mama ndiye aliyezungusha, na Redio alishika kikono. Safari hii akampa Bukuru hendeli.

Bukuru alimtazama yule mtoto ambaye yeye alimzungusha masikio miaka yote ile, na ambaye sasa ndiye wa kuamua mkono wake Bukuru uvunjike au usivunjike. Kila mtu aliliona hilo. Wauza dagaa wakaacha kuuza.

"Zungusha," Redio akasema, uso kwa uso, kila herufi mahali pake. "Usiache. Mpaka. Niseme."

Akazungusha. Jasho likamtoka. Akatazama kinywa cha Redio kama mhubiri anavyotazama Biblia. Akazungusha tena, anahema, na foleni ikaanza kumhesabia na kumzomea, "Betri! Betri zimekwisha!" na hata mama yake mwenyewe akajiunga. Redio akatazama juu kidogo, kama anasoma darini. Kisha akaachia.

Injini ikakohoa, ikatema moshi, ikashika. Soko zima likapiga vigelegele, wakimbizi, wenyeji, kila mtu, na Bukuru akasimama na hendeli mkononi, mzima, anacheka kwa aibu. Redio naye alikuwa anacheka. Alikwenda kwenye ubao akaandika kwenye unga, mama yake akasoma, na mimi nikachungulia: SI MBALI.

Siwezi kusema Bukuru alikuwa malaika baada ya hapo. Aliendelea kumwita Redio, na jina hilo halikumtoka. Lakini masikio aliyaacha, na akaanza kukaa nyuma yake darasani ili anakili hesabu. Mtihani uliofuata Redio alirudi juu na hakushuka tena. Majina ya waliochaguliwa yalipokuja, la kwake lilikuwemo, na kwa maajabu ambayo sijayaelewa hata la kwangu. Tulipanda lori la maharage pamoja hadi Kasulu. Mama wa Mashine alitusindikiza kwa baiskeli mpaka nje ya soko, akasimama barabarani, akaweka khanga chini, akapiga goti mbele ya lori na kupiga makofi ya salamu. Pa, pa, pa. Sisi tulio juu ya magunia tukamrudishia. Dereva naye akaachia usukani akapiga.

Nilimwona tena miaka mingi baadaye, nikiwa nimemaliza chuo. Alikuwa amehamia Kasulu kwa binti yake, ambaye ni mwalimu wa hesabu huko, na wanafunzi wake humwigiza anavyofungua kinywa. Nilimkuta mama uani, anapepeta maharage, nywele zimekuwa nyeupe na safari hii si unga. Nilisimama mbele yake, nikapiga makofi. Uso ukafunguka.

"Kwanini amekuja!"

Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena. Nikakaa mkabala naye. "Mama, miaka yote ile, walipokuuliza habari za baba, kwa nini hukuwajibu?"

Akaweka ungo chini. "Habari za mama?" Akacheka. "Mama haulizwi, mwanangu. Mama anaonekana!"

Nikainama kwa furaha. Bado alikuwa yeye, yule yule. Niliazimia kuliandika hilo mahali.

Redio alinisindikiza hadi barabarani. Nilikuwa bado nacheka, nikamsimulia, nikamweleza na insha yangu ya semina, lugha ya ofisi na lugha ya jikoni. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba mama yake hasikii. Mashine ilimchukua masikio taratibu, na mimi nilipoanza shule alikuwa hasikii hata injini. Aliijua kwa kiganja. Walilificha kwa sababu tajiri asingemwachia kazi kiziwi, na bila kazi kusingekuwa na Kasulu. Alisoma midomo.

"Jioni ukifika," alisema, "simama mbele ya kioo. Sema bila sauti. *Mali. Mbali. Pipi. Bibi.*"

"Na wewe ulijua? Pale shuleni, ulimsikia mwalimu. Mbona hukumsahihisha?"

Akatazama juu kidogo. "Jibu lilikuwa sahihi."

Nilifanya alivyosema, kwenye kioo kidogo cha nyumba ya wageni. Kwa Kiha *se* na *nyina*, yaani mama yake mtu, hata kipofu wa midomo angeyatofautisha. Kisha nikasema kwa Kiswahili, bila sauti, *baba*, halafu *papa*, halafu *mama*. Midomo ilifumba na kufumbuka mara mbili, kila neno vile vile. Miaka yote ile, pale walipomuuliza baba wa mtoto yuko wapi, yeye aliona wanamuuliza mama yake yuko wapi, akawaambia: yuko hapa.